Seva Kuukuu na Biashara ya Gemu Mjini Garissa

Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya seva iitwayo Xeon E5-2670, yenye viini 8, kwa bei iliyozidi dola 1,500 za Marekani. Na haikupita miaka mitano, vituo vikubwa vya data vilipoanza kubadili mitambo yao kwa wingi, prosesa ile ile, nzima na isiyo na ila, ikawa yauzwa kama mitumba kwa chini ya dola 100. Hapo ndipo vijana wa nchi nyingi, ambao kompyuta mpya ya gemu iliwashinda bei, walipotambua kwamba mtambo uliokuwa ukitunza hesabu za benki waweza pia kuchezesha mpira na mbio za magari, madhali umetiwa kadi ya michoro. Linalotuhusu sisi ni kama urahisi huo wa bei ni faida ya kweli kwa mwenye chumba cha gemu mjini Garissa.

Tijara ya vitu vya ng'ambo si jambo geni kwa watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ulipo mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba moja ya wageni huko Eastleigh, Nairobi, iliyojulikana kwa jina la Garissa Lodge, iligeuzwa vyumba vyake kuwa maduka, na kutokana na maduka yale likakua soko ambalo leo lauza karibu kila kitokacho Dubai na Uchina. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni yapata kilomita 370 za lami, na ukiacha misiba kama ile ya Novemba 2023 na Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yalipoikata barabara upande wa Madogo, shehena hufika. Mtambo basi hupatikana, na vijana wa kuuchezea wamejaa mjini na katika chuo kikuu. Mizani ya biashara hii huamuliwa na umeme na joto.

Tuchukue hesabu. Prosesa moja ya aina niliyoitaja hula hadi wati 115, na seva aghalabu huwa na mbili; ukiongeza kadi ya michoro kama Radeon RX 580, ambayo peke yake hutaka wati 185, mtambo mmoja wafikia wati 400 au zaidi mchezo ukipamba moto. Kwa saa 10 kwa siku hizo ni uniti 4, na kwa mwezi uniti 120. Nasi tukikadiria shilingi 25 kwa uniti, mchezaji mmoja amekula tokeni za umeme za shilingi 3,000 kabla ya kodi ya chumba na ujira wa msimamizi. Fauka ya hayo, kila wati iliyoingia hutoka ikiwa joto, na mitambo 10 ya namna hiyo humwaga kilowati 4 za joto ndani ya chumba kimoja, katika mji ambao adhuhuri ya Machi hupita nyuzi 35 bila ya msaada wa mashine yoyote. Mwenye chumba atalazimika kununua kiyoyozi, nacho kitadai tokeni zake.

Kwa sababu hiyo sioni maana ya kumkalisha mchezaji mbele ya seva ya rafu, yaani ile bapa ya kupangwa kabatini. Seva hizo bapa zina feni ndogo zipigazo kelele kama kinu cha kusaga, nyingi hazina nafasi ya kadi kubwa, wala waya wa kuipa umeme. Afadhali kompyuta ya kazi iliyosimama, kama HP Z440, yenye prosesa moja, pamoja na kadi kama GTX 1050 Ti ambayo hutosheka na wati 75 zitokazo katika nafasi yake yenyewe. Tena inafaa kuchagua Xeon za mwaka 2014 na baadaye, zenye alama ya v3 au v4, kwani zile za awali hazina amri za hesabu ziitwazo AVX2, na baadhi ya michezo mipya hukataa katakata kufunguka pasipo amri hizo. Mnunuzi ajue pia kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali prosesa hizi hazimo katika orodha ya Windows 11.

Je, seva ya rafu haina kazi? Inayo, na hapa ndipo naiona faida isiyotazamwa. Mchezo kama Grand Theft Auto V hupata gigabaiti 100. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, kuupakua huchukua saa 11 hivi. Na kompyuta 10 zikiupakua kila moja kwa zamu yake, zimekwenda saa 110 za laini. Seva moja kuukuu, ikifungwa diski kubwa na programu ya bure iitwayo LanCache, huupokea mchezo mara moja tu, kisha ikazigawia kompyuta zote kwa waya wa ndani. Seva hiyo hiyo, kwa ramu zake nyingi ambazo ni rahisi kwa kuwa hazikubali kuingia katika kompyuta ya kawaida, yaweza kuendesha Minecraft au Counter-Strike ya chumba kizima, wachezaji wakashindana wao kwa wao bila ya kungoja jibu kutoka Ulaya, hata siku intaneti imekatika. Kwa kuwa haina kadi ya michoro, umeme wake ni pungufu kuliko wa mtambo wa kuchezea, na kelele zake hufungiwa stoo.

Wajir na Mandera hesabu ni nyingine. Garissa imeungwa na gridi ya taifa, na tangu Desemba 2019 ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, ilhali miji ile miwili kwa miaka mingi imetegemea majenereta ya dizeli, na umeme ukizimika mchezo umekwisha. Huko namshauri mfanyabiashara anunue laptopu za mitumba zenye kadi ya michoro, ambazo betri zake humaliza mchezo ulioanzwa, na seva aiache kabisa. Wa Garissa anunue moja tu, aiweke chumba cha nyuma, na kabla ya kulipa aombe iwashwe mbele yake, aipime kwa mita ya wati.