Kimiminika au hewa: filamu ilazwe vipi kwenye skana

Mtu akinunua skana bapa yenye taa ndani ya mfuniko ili ahamishie negativu za zamani kwenye kompyuta, hachelewi kuambiwa kwamba njia ya mabingwa ni kuilaza filamu ndani ya kimiminika. Kioo hudondoshewa kimiminika chepesi cha jamii ya petroli, negativu hulazwa juu yake, hudondoshewa tena, hufunikwa kwa karatasi angavu ya polyesta, viputo vya hewa husukumwa nje kwa kidole, kingo hubanwa kwa selotepu, ndipo skana iwashwe. Njia kavu ni ya kawaida zaidi: filamu hubanwa kwenye fremu ya plastiki, hewa ikiwa juu na chini yake. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya sifa zinazopewa kimiminika si zake. Ni sifa za filamu iliyonyooka na kukaa kwenye kimo sahihi, na hayo mawili yanapatikana bila kumwaga hata tone. Kimiminika kina kazi yake, tena hakina mbadala mzuri kwenye kazi hiyo, ila ni kwa negativu chache, na zipo negativu nyingine ambazo kitaziharibu.

Tuanze pale kinapostahili sifa. Hewa hupinda mwanga kwa kiwango cha 1.0, ilhali plastiki ya filamu hupinda kwa takribani 1.5, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya karibu asilimia 4 ya mwanga irudi nyuma kila unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye plastiki. Mkwaruzo kwenye mgongo wa filamu, yaani upande unaong'aa, ni kibonde chenye kuta za mteremko. Mwanga ukifika hapo hutawanyika, lenzi haiupati wote, na picha ikishageuzwa kuwa chanya mstari mweupe huonekana. Kimiminika kinachofaa hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribia kile cha plastiki. Kinapojaza kibonde, mwanga hupita kana kwamba hakuna kitu, kama vile kioo cha bafuni chenye ukungu kinavyoonyesha kilicho nyuma yake kikimwagiwa maji upande wake uliokwaruzwa. Pete za Newton nazo hutoweka. Pete hizo za rangi hutokea pale uso laini wa filamu unapokaribia mno uso laini wa kioo, ukabaki mwanya mwembamba wa hewa ambamo mawimbi ya mwanga yanagongana. Hewa ikitolewa, mwanya hauna tena nguvu hiyo.

Hata hivyo, picha za kulinganisha ambazo watu huzitoa kama ushahidi huwa zimebadilisha mambo mawili kwa mpigo. Upande mmoja huwa na filamu kavu iliyojikunja ndani ya fremu ya kiwandani. Upande wa pili kuna filamu iliyonyooshwa na kimiminika ikalala bapa kabisa. Skana kama Epson V700 na ndugu zake V750, V800 na V850 hazina fokasi ya kujirekebisha. Lenzi yao ya filamu imetengenezwa ione vizuri zaidi kwenye kimo fulani, milimita chache juu ya kioo, na ndiyo maana fremu za V700 zina viguu vinavyogeuzwa ili kimo kiwe milimita 2.5, 3 au 3.5. Negativu ya filamu ya 120 iliyojikunja huweza kuwa sahihi kwenye kingo na kukosa fokasi katikati, penye uso wa mtu. Ukitaka kujua kimiminika kimeongeza nini, negativu ile ile iskaniwe mara tatu: kwenye fremu ya kawaida, kisha ikiwa imekandamizwa na kioo kilichotiwa mkwaruzo hafifu dhidi ya pete za Newton, kimo kikiwa kimepimwa, kisha kwenye kimiminika kwa kimo hicho hicho. Pengo kubwa la ukali wa picha huzibwa hatua ya pili. Ya tatu huongeza kidogo, na kwenye negativu isiyo na mikwaruzo huenda nyongeza hiyo usiione bila kukuza picha kupita matumizi yoyote ya kawaida.

Kioo hicho chenye mkwaruzo hafifu kina namna yake ya kuwekwa, na wengi hukosea. Uso wake uliofifia uguse mgongo unaong'aa wa filamu, nao upande wenye dawa, yaani tabaka linalobeba picha, uelekee chini kwenye lenzi, pasipo kioo kingine kati yake na kitanda cha skana. Picha itatoka imegeuzwa kushoto kulia, jambo ambalo programu hulimaliza kwa kubofya mara moja.

Pingamizi linalorudiwa zaidi ni lile la skana za ngoma, mashine kubwa za viwanda vya uchapishaji ambazo filamu huzungushiwa silinda angavu na kulowekwa takriban kila mara. Ikiwa mashine bora kuliko zote zilitumia kimiminika, kwa nini skana ya mezani isitumie? Kwa sababu mashine zile zilimulika filamu kwa doa dogo la mwanga mkali, na mwanga wa namna hiyo huonyesha kila mkwaruzo na kila chembe ya vumbi. Tena filamu ilipaswa ishikamane na silinda inayozunguka kwa kasi. Taa ya skana bapa ni pana na mwanga wake umesambaa, hivyo tayari huficha sehemu ya kasoro ambazo skana ya ngoma ingezianika. Uwezo wa kuona nao si mmoja. Tangazo la V700 linataja nukta 6400 kwa inchi, lakini vipimo huru vimeipa takribani 2300. Hiyo si aibu: negativu ya sentimita 6 kwa 6 itatoa piseli zipatazo 5000 kila upande, zinazotosha chapa ya sentimita 40. Ila lenzi yenye kikomo hicho haiwezi kufaidi usahihi mdogo wa ziada ambao kimiminika kinauahidi. Mwaka 2006 Epson yenyewe iliiuza V750 Pro ikiwa na trei ya kimiminika, na trei hiyo ni afadhali kuliko kumwaga juu ya kioo cha skana, ambako filamu hukaa nje ya kimo cha lenzi yake na kimiminika hutafuta upenyo wa kuingia ndani ya mashine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kimiminika huokoa saa nyingi za kufuta mikwaruzo kwenye kompyuta. Kwa negativu za rangi hoja hii ni dhaifu, maana skana hizi zina miali ya infraredi inayotambua vumbi na mikwaruzo, na programu huziba penye kasoro. Kwa nyeusi na nyeupe msaada huo haupo. Fedha inayounda picha huzuia infraredi, kwa hiyo mashine hushindwa kutofautisha nywele za mtu na uchafu. Hapa nakubali bila kusita kwamba kimiminika kina nafasi yake. Lakini tazama kwanza rangi ya mistari kwenye picha chanya. Mistari myeupe kwa kawaida ni ya mgongo wa filamu, nayo itajazwa. Mistari myeusi ni ya upande wa dawa, pale ambapo fedha yenyewe imekwanguliwa. Hakuna kimiminika kinachorudisha fedha iliyokwisha kutoka.

Upande wa dawa ndio unaonitia wasiwasi zaidi, hasa kwa hazina za studio za picha za watu, za aina ya Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Katika enzi ya nyeusi na nyeupe, wapiga picha wa studio kote duniani walirekebisha nyuso kwa penseli juu ya negativu yenyewe: makunyanzi yalipunguzwa, kovu likafichwa, weusi chini ya macho ukalainishwa. Ili penseli ishike, mara nyingi filamu ilipakwa kwanza utando wa utomvu uliochanganywa na tapentaini. Kimiminika cha jamii ya petroli kinaweza kuuyeyusha utando huo na kuondoka na penseli. Wino wa kalamu ulioandikiwa jina la mteja pembezoni nao huweza kuvuja hadi kwenye picha. Negativu ya asetati inayonuka siki, ambayo dawa yake imeanza kuvimba na kujitenga na plastiki, haifai kulowekwa wala kukandamizwa kwa kidole. Iliyoliwa na kuvu, ugonjwa wa kawaida wa pwani yenye unyevunyevu, nayo jelatini yake imekwisha kulegea. Na filamu ya zamani ya nitrati, inayowaka kwa urahisi wa kutisha, isikutane kamwe na mvuke wa petroli karibu na taa.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ninaouona una akili ni kuskani hazina yote kwa njia kavu kwanza, filamu ikiwa imenyooshwa na kimo kimepimwa, kisha kuchagua zile chache zenye mistari myeupe inayokatiza mahali pa maana. Kila moja kati ya hizo iinamishwe chini ya taa, upande wa dawa ukitazamwa kwa mshazari: penye penseli pataonekana pamefifia au panang'aa tofauti na pengine. Ikionekana alama yoyote ya mkono wa mrekebishaji, irudi kwenye bahasha yake, na mistari yake ifutwe kwenye kompyuta hata kama kazi hiyo itachukua mchana kutwa.