Je, Wajua? Gari la Deraya Huanzia Kwenye Karatasi

Dhahabu ya Geita ikifika Hazina haina kwao
Tangu sheria ya madini ya Tanzania irekebishwe 2017, kiwango cha kawaida kwa kila shilingi 100 za dhahabu ni shilingi 6 za mrabaha na 1 ya ukaguzi. Zote huingia Mfuko Mkuu wa Hazina, zikachanganyika na kodi ya soda iliyonywewa Kahama. Kwa hiyo gari la jeshi lililonunuliwa kwa fedha za mfuko huo likipita, hakuna awezaye kulinyooshea kidole akasema: "Lile limetoka mgodi wa Bulyanhulu!"

Jeshi lina namba zake vitabuni
Kwenye vitabu vya bajeti, Ngome, yaani JWTZ, ni Fungu 38. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ni Fungu 39, na Wizara ya Ulinzi yenyewe ni Fungu 57. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, ilhali gari la deraya likitunzwa hudumu hata miaka 20. Anayepanga bei ya kununua tu huwa ameziachia mzigo wa dizeli, matairi na vipuri bajeti nyingi zijazo.

Shilingi moja humtoa waziri jasho
Mbunge asiyeridhika na majibu huweza "kushika shilingi" ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Lakini Bunge zima likiikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja. Kila upande una fimbo yake!

Gari moja, dola 775,000
Mwaka 2021 kampuni ya Katmerciler ya Uturuki ilitangaza mkataba wa kuiuzia Kenya magari 118 ya deraya kwa dola milioni 91.4. Gawanya, utaona kila gari linakaribia dola 775,000, vipuri na matengenezo vikiwemo. Hapo ndipo wapangaji hukuna vichwa: magari machache yenye chuma kinene, au mengi yenye chuma chembamba?

Tumbo la V huokoa maisha
Sakafu bapa hupokea kishindo chote cha bomu la ardhini. Tumbo lenye umbo la V hukipasua kikaenda pembeni, kama mtumbwi unavyopasua maji ya Ziwa Victoria. Ujuzi huo ulikomaa kusini mwa Afrika miaka ya 1970. Marekani, ikiwa vitani Iraq, iliukumbatia kwa kasi kuanzia 2007 na kununua zaidi ya magari 20,000.

Hata rangi nyeupe hulipiwa
Wanajeshi wa Tanzania wamelinda amani mashariki mwa Kongo tangu 2013. Nchi ikipeleka magari yake katika kazi kama hiyo, Umoja wa Mataifa huyalipia, pamoja na gharama ya kuyapaka rangi nyeupe na kuyarudishia rangi yake ya awali. Ila wakaguzi hupita kuyaangalia, na yaliyolala juu ya mawe hukatwa malipo. Fundi hodari huiingizia nchi fedha za kigeni!

Doria isiyohitaji dizeli
Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walichoshwa na wezi wa ng'ombe, wakaunda Sungusungu: pinde, mishale na filimbi, bila kasma hata moja ya serikali. Kufikia 1989 sheria ya mgambo ilikuwa imerekebishwa ili kuwatambua. Safari hiyo doria ilitangulia, makaratasi yakafuata.