Bahari sebuleni: tangi la ukubwa gani lamfaa anayeanza?

Mtu apatapo hamu ya kufuga matumbawe na samaki wa baharini nyumbani mwake, wazo limjialo kwanza ni kununua kitangi kidogo cha kioo, akiweke juu ya meza na kujifunzia hapo. Akishazoea ndipo anunue kikubwa. Wazo hili lina sura ya busara, maana ndivyo tujifunzavyo kushona, kupika na hata kulima bustani. Lakini katika ufugaji huu mambo ni kinyume. Kitangi kidogo ni kazi ya fundi aliyekwisha kukomaa, na anayeanza hupata nafuu katika maji mengi.

Sababu yenyewe ni uchafu. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachobaki huoza kikatoa amonia vilevile. Hiyo ni sumu. Baharini huchukuliwa na mikondo ikapotea. Ndani ya tangi hukaa mlemle, ikingoja bakteria waishio katika mawe na mchanga waigeuze kwanza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kisha kuwa nitrati, iliyo na madhara madogo zaidi. Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 alieleza namna yake ya kufuga viumbe wa mwambani, alitegemea mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai ndani yake, na mpaka leo wafugaji wengi hufuata njia hiyo.

Sasa chukua tangi la sentimeta 30 kila upande, ambalo hujaa kwa lita 27, ulilinganishe na lenye urefu wa sentimeta 90, upana 45 na kimo 45, ambalo huchukua lita 182. Mtoto akimwaga kiganja kizima cha chakula, au samaki mmoja akifa usiku nyuma ya jiwe, uchafu ni ule ule. Lakini katika tangi dogo umeingia ndani ya maji yasiyofikia hata sehemu moja ya sita ya maji ya lile kubwa. Tangi kubwa humpa mwenyewe nafasi ya kugundua na kubadili maji. Dogo aghalabu humpa habari ya msiba.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Maji hugeuka mvuke, chumvi ikabaki. Tuseme jamaa wa nyumba wamekwenda mazishini, na wanaporudi kila tangi limepungua sentimeta 3: katika lile dogo chumvi imepanda hadi karibu gramu 39 kwa lita, na katika kubwa hadi 37 na nusu. Kinachosaidia hapa ni kina, hivyo usivutiwe na tangi pana lenye kina kifupi. Pengo hilo hujazwa kwa maji baridi yasiyo na klorini, si kwa maji ya chumvi. Wengi hukosea hapo.

Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi husisitiza sana mtambo wa kupasha maji joto. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa shida ni nyingine kabisa. Matumbawe hupendelea nyuzi 25 hadi 27 hivi, na sebule zetu hupita hapo mchana wa Januari. Ikumbukwe kuwa mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Feni ipulizayo juu ya maji husaidia kupoza, ingawa huongeza mvuke. Umeme ukikatika, maji mengi hupata joto polepole kuliko machache. Hata hivyo pampu ndogo ya hewa itumiayo betri haina budi kuwapo.

Je, basi tununue tangi kubwa kuliko yote dukani? La. Mali bila daftari huisha bila habari. Tangi la lita 182, pamoja na kioo, mawe na mchanga, hufikia kilo 240 hivi, uzito wa watu wazima wanne wakisimama mahali pamoja. Aishiye ghorofani aliweke kandokando ya ukuta imara, juu ya meza ya chuma au mbao nzito, na kwanza amwulize mwenye nyumba. Kubadili sehemu moja ya kumi ya maji kila juma ni lita 18, yaani ndoo moja, na gramu 630 za chumvi ya kufugia. Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina kalsiamu na magnesi ya kutosha. Tangi la lita 300 ladai lita 30 na chumvi zaidi ya kilo moja kila juma. Kwa mshahara wa mfanyakazi, mimi naona lita 150 hadi 200 ndipo mahali pa kuanzia.

Ukubwa huo haumtoshi kila samaki. Kangaja, yule mwenye mwiba mkali karibu na mkia, huogelea mwendo mrefu kutwa, na kumfungia humo ni kumtesa. Samaki wadogo watatu au wanne wanatosha, nao waingie mmoja mmoja, baada ya majuma manne hadi sita ya kungoja bakteria, vipimo vinapoonyesha kuwa amonia na nitriti zimekwisha.

Matumbawe yafuate baadaye, yakianza yale laini yasiyo na mifupa ya chokaa. Usiyavunje mwambani: tumbawe kubwa limejijenga kwa miaka mingi, nalo ndilo makazi ya samaki tunaowala. Yako matumbawe yanayokuzwa ndani ya matangi na kukatwa vipande kwa ajili ya wafugaji. Vipande hivyo huwa vidogo kama kidole gumba, na tangi la sentimeta 90 litavipa nafasi ya kukua kwa miaka kadhaa.