Bunduki za kale: Soma chapa kabla hujatoa fedha

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa vitu vya kale wanaopita masoko ya Matrah na Nizwa, nchini Oman, wanazifahamu bunduki ndefu za wenzo aina ya Martini-Henry, nyingine zikiwa zimevishwa pete za fedha. Mbili zinaweza kutundikwa ukuta mmoja, zikafanana kwa umbo na hata kwa kutu, lakini moja ikawa mali na nyingine pambo tu la ukutani. Tofauti ya bei imeandikwa juu ya chuma chenyewe, na asiyeweza kuisoma ndiye anayeilipia.

Martini-Henry ilipokelewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Maskati ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya silaha. Mizigo ilivushwa kutoka hapo hadi pwani ya Makran na kuishia mpakani mwa Afghanistan na India ya Waingereza. Huko mafundi, hasa wa Darra Adam Khel ambayo leo iko Pakistan, walizinakili kwa mkono, chapa na vyote. Ndiyo sababu mnunuzi wa leo hukutana na bunduki za aina tatu: halisi, za kunakili, na zilizoungwa kwa vipande vya bunduki mbili au tatu.

Anzia ubavu wa kulia

Chapa kuu iko ubavuni, upande wa kulia wa sanduku la chuma linalobeba mtambo, nyuma ya mtutu. Kwenye bunduki halisi ya jeshi utaona taji, chini yake herufi V.R., yaani Malkia Victoria kwa Kilatini, kisha jina la kiwanda, mwaka, na namba ya toleo.

ENFIELD ni kiwanda cha serikali. B.S.A. & M. Co. ni cha Birmingham, na L.S.A. Co. ni cha London. N.A. & A. Co. na H.R.B. Co. pia zilikuwa kampuni zilizotengeneza bunduki hizi.

Toleo huandikwa kwa namba ya Kirumi, kuanzia I hadi IV. Hapa wengi huteleza. Chini ya namba hiyo pengine kuna tarakimu 1 peke yake. Hiyo ni daraja la silaha, si toleo. Muuzaji akikuambia "hii ni toleo la kwanza, adimu", angalia mara mbili. Bunduki nyingi za toleo la kwanza zilibadilishwa baadaye kuwa toleo la pili, hivyo ambayo haikuguswa ni nadra kweli.

Tafuta pia alama ya mshale inayofanana na unyayo wa kuku. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukikuta mishale miwili iliyokutanishwa vichwa, usidhani ni kasoro. Maana yake bunduki iliuzwa rasmi kutoka jeshini.

Kuitambua ya kunakili

Fundi aliyenakili mara nyingi hakujua kusoma Kiingereza. Alichora herufi kama maua. Kwa hiyo utakuta N imegeuzwa, jina la ENFIELD limekosewa, au mistari ya taji imepinda.

Kipimo kingine ni mwaka. Malkia Victoria alifariki Januari 1901. Chapa yenye V.R. na mwaka 1907 haiwezi kuwa ya kiwanda cha Uingereza, hata muuzaji ale kiapo.

Tatu, pata kurunzi na uangalie ndani ya mtutu baada ya kuhakikisha hauna risasi. Mtutu halisi wa Henry una mifereji 7 inayozunguka. Mtutu laini, au wenye idadi nyingine ya mifereji, unadai maelezo.

Vipuri: vya jeshini na vya sokoni

Kubadilishwa kwa kipuri peke yake hakuui bei. Mafundi wa jeshi walibadilisha mitutu, vitako na skrubu miaka yote, na sehemu za jeshi kwa kawaida zina alama ndogo ya taji, namba na herufi ya mkaguzi. Kinachoshusha bei ni kipuri kisicho na alama yoyote, skrubu inayong'aa kwenye chuma kilichozeeka, au mti uliochongwa juzi.

Angalia kama sehemu zinakubaliana. Toleo la III lilishikilia mti wa mbele kwa ndoano, si kwa pini kama matoleo yaliyotangulia. Toleo la IV lina wenzo mrefu zaidi. Chapa ikisema II na wenzo ukawa mrefu, uliza.

Kuhusu pete za fedha: kwa mnunuzi wa Ghuba ni sehemu ya historia ya bunduki. Kwa mkusanyaji wa silaha za jeshi huko London zinaweza kuwa dosari. Mjue mnunuzi wako kabla ya kununua.

Mtego wa .303

Kuanzia mwaka 1895 bunduki nyingi za Martini zilifungwa mitutu myembamba ya risasi .303 na kuitwa Martini-Enfield. Ubavu wa kulia ulibaki na chapa ya zamani. Chapa mpya ikapigwa kushoto. Asiyegeuza bunduki haioni.

Kosa hilo ni ghali. Nchini Uingereza risasi ya .577/450 ya Martini-Henry imo katika orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, hivyo bunduki yake inaweza kuwekwa kama kitu cha kale. Ya .303 haimo, na bunduki yake hudai leseni. Marekani sheria ya mwaka 1968 hutazama zaidi mwaka wa kutengenezwa: 1898 au kabla yake.

Mahesabu

Tuchukue mfano. Umenunua kwa riali 200 ukiamini ni Enfield ya mwaka 1878. Usafiri, vibali na kamisheni ya mnada vimekula riali 120. Ikiwa halisi na ikauzwa riali 450, umebakiwa na 130. Ikigundulika ni ya kunakili na ikauzwa 150, umepoteza 170, zaidi ya nusu ya fedha ulizotoa.

Kumbuka pia kuwa ugavi hubadilika ghafla. Mwaka 2003 kampuni mbili za Marekani, International Military Antiques na Atlanta Cutlery, zilinunua ghala la silaha za kale la Nepal, na Martini-Henry za toleo la IV zikamiminika sokoni. Usilipe bei ya uadimu kwa kitu kilichojaa.

Mwisho, kabla ya kuvusha bunduki mpaka wowote, ulizia kibali polisi wa kule unakotoka na kule unakokwenda. Afisa wa forodha hatajali kuwa ni ya kale hadi umwonyeshe karatasi. Na wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la bunduki ya kale ni chapa zake.