Somo la Sita: Kumpiga Mtu Picha Mjini kwa Mwanga wa Jua

(Maneno haya yalisemwa redioni katika mafunzo ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili msikilizaji ayasome tena kwa nafasi yake, kamera au simu ikiwa mkononi.)

Wiki iliyopita tulizungumza habari ya kupiga picha ndani ya nyumba, karibu na dirisha. Leo tutoke nje. Twende mjini, penye baraza na vichochoro, tujifunze kumpiga mtu picha ya uso bila taa ya umeme na bila chumba cha studio. Mifano mingi nitaichukua katika Mji Mkongwe wa Unguja, lakini aliye Mombasa, Lamu, Dar es Salaam au Kampala ataweza kuitumia kwao.

Tuanze na picha ambayo bila shaka umepata kuiona. Kijana amerudi nyumbani likizo, naye anataka picha ya mama yake. Mama amevaa kanga mpya. Ni saa 6 mchana. Kijana anadhani kwamba jua likiwa kali zaidi picha itakuwa nzuri zaidi, kwa hiyo anamsimamisha mama mbele ya ukuta mweupe, juani, kisha anabonyeza. Picha ikitoka, ukuta waonekana na kanga yaonekana, walakini uso umekuwa giza. Macho ni mashimo mawili, na kivuli cha pua kimeshuka mpaka mdomoni. Hapo watu husema, "Kamera hii mbovu," au husema neno baya zaidi, "Mama hatoki vizuri katika picha."

Si kweli. Mama hana kosa lo lote, na kamera yaweza kuwa nzima. Makosa ni mawili. La kwanza, jua lilikuwa juu ya kichwa. La pili, kamera ilipima mwanga wa ukuta badala ya mwanga wa uso. Jambo hili si dogo, maana huenda picha hiyo ndiyo wajukuu watakayomjulia bibi yao. Basi kanuni ya somo letu la leo ni hii: tafuta kwanza mwanga wa uso, uzuri wa mahali utafuata.

LIKO WAPI JUA?

Kabla ya kuchagua mahali, yafaa ujue njia ya jua. Katika pwani yetu jua huchomoza na kuchwa karibu na saa 12 mwaka mzima. Saa moja na nusu ya kwanza baada ya kuchomoza, na saa moja na nusu ya mwisho kabla ya kuchwa, jua huwa chini. Mwanga wake hupita katika hewa nyingi, hupungua ukali, nao huja usoni kwa upande, si kutoka utosini. Kwa sababu hiyo wapiga picha wengi huzipenda saa hizo.

Mchana ni habari nyingine. Kuanzia mapema Oktoba mpaka mapema Machi, jua la saa 6 hupita upande wa kusini wa Unguja. Miezi iliyobaki hupita upande wa kaskazini. Katika siku chache za mwanzo wa Oktoba na wa Machi hupita juu ya utosi kabisa.

Mtu wa pwani anayo njia nyepesi ya kulikumbuka jambo hili. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini, na jua la mchana liko kusini. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini, na jua la mchana liko kaskazini. Kwa hiyo kivuli cha nyumba wakati wa adhuhuri huangukia upande ule ule utokako upepo. Kivuli na ubaridi huwa mahali pamoja, na wazee wakaao barazani walilijua hilo zamani. Wakati pepo zinapobadilika kanuni hii haitoshi. Hapo tazama kivuli chenyewe kilipolala.

KIVULI KILICHO WAZI

Sasa tuseme ni mchana, na huwezi kungoja jioni. Ufanyeje? Mtoe mtu juani, umweke katika kivuli kilicho wazi. Maana yake ni kivuli ambacho jua halikifikii, lakini mbele yake pana mbingu pana au ukuta unaong'aa. Chini ya kitanda pana kivuli, lakini si wazi. Barazani pana kivuli kilicho wazi.

Jihadhari na kivuli cha mti. Mwembe mkubwa wenye majani mengi ni mzuri, hasa mtu akisimama pembeni ya kivuli chake na kutazama nje. Lakini mti wenye majani machache hupenyeza madoa ya jua, nayo madoa hayo yakianguka usoni huuharibu uso wote.

Katika Mji Mkongwe nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro ni vyembamba. Jua likipiga ukuta wa upande mmoja, ukuta ule huurudisha mwanga upande wa pili. Basi ukuta umekuwa taa yako, tena taa kubwa na ya upole, isiyolipiwa. Msimamishe mtu upande wa kivuli, autazame ukuta unaong'aa. Utaona mashimo ya macho yanajaa mwanga, na ngozi inaonyesha rangi yake.

Lakini utazame ukuta una rangi gani. Ukuta mweupe au wa maziwa hutoa mwanga mwema. Ukuta wa kijani humfanya mtu aonekane kama mgonjwa, na wa buluu humpoza. Hata mbingu peke yake hutia buluu kidogo kivulini. Kamera na simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuchagua mwanga wa kivuli, nazo hurekebisha rangi hiyo.

Mahali pengine pazuri ni mlangoni. Mtu asimame ndani ya kizingiti, hatua moja tu, akitazama nje. Mwanga wa njia humjia usoni, na nyuma yake nyumba ni giza, kwa hiyo uso hujitenga vizuri. Kama mlango ni wa nakshi, usiung'ang'anie wote. Ukitaka kuonyesha kila ua la nakshi, mtu atakuwa mdogo kama kidoko cha wino. Chagua: leo unapiga picha ya mlango, au ya mtu?

Msidhani kwamba hii ni kazi ya watu wasio na vifaa tu. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, nchi ya Mali, mwaka 1948, aliwapiga watu picha uani, kwa mwanga wa mchana, na nyuma yao alitundika kitambaa. Katika miaka ya mwanzo kitambaa hicho kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa mjini Paris, na leo zimo katika majumba makubwa ya sanaa.

PIMA USO, USIPIME UKUTA

Sasa tufike kwenye kosa la pili. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kilicho mbele yake. Hudhani kwamba vitu vyote vikichanganywa vitakuwa kijivu cha katikati, yaani kitu kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe, chasema, "Mwanga umezidi!" nacho huupunguza. Ukuta unageuka kijivu, na uso mweusi unazama gizani. Simu nyingi za sasa hutafuta uso zenyewe, walakini hata hizo hudanganyika penye weupe mwingi.

Dawa yake ni hii. Kwa simu, gusa uso wa mtu juu ya kioo. Katika simu nyingi hutokea alama ndogo ya jua. Ivute juu kuongeza mwanga, ivute chini kuupunguza. Kwa kamera yenye kipimo, msogelee mtu mpaka uso wake ujae, pima, shika kipimo hicho, kisha rudi mahali pako.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Uso mweusi ukijaa kipimoni, au mtu akiwa amevaa baibui, kamera hudhani mwanga haukutosha, huuongeza, na ngozi hutoka kama imepakwa majivu. Hapo punguza kidogo, nusu hatua au hatua moja, mpaka rangi yake ya kweli irudi. Usimfanye mtu mweupe kuliko alivyo. Alikuja kupigwa picha yake, si ya mtu mwingine.

Wenye kamera za filamu wanaweza kutumia kiganja. Viganja vya watu wa rangi zote havipishani sana. Weka kiganja chako katika mwanga ule ule uliopo usoni, kipime, kisha ongeza hatua moja. Asiye na kipimo akumbuke hesabu hii: filamu ya ISO 100, jua kali, tundu la 16, mwendo wa 1/125. Katika kivuli kilicho wazi, mwendo ukibaki ule ule, fungua tundu mpaka 5.6. Hizo ni hatua tatu, na kila hatua huongeza mwanga mara mbili, kwa hiyo mwanga umeongezwa mara nane.

Tena haifai tuwalaumu wapiga picha wetu peke yao. Katika miaka ya 1950 maabara za Marekani zilianza kusawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi zikimpendeza yeye, kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitoka miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu mweusi aliyeambiwa kwamba "hatoki vizuri" alikuwa anahukumiwa kwa kipimo kisichowekwa kwa ajili yake. Leo vifaa vimekuwa bora, lakini jicho la mpiga picha bado ndilo mlinzi wa mwisho.

MAMBO MADOGO YENYE FAIDA

Simama hatua mbili au tatu mbali na mtu. Ukimkaribia mno kwa simu, pua hukua na masikio hukimbia nyuma.

Mtenge mtu na ukuta ulio nyuma yake, mita mbili ikiwezekana. Tazama pia asije akaota nguzo ya umeme kichwani.

Mtu aliyevaa kanzu nyeupe mpeleke kivulini. Juani kanzu hung'aa mno na uso hubaki nyuma, bali kivulini viwili hivyo husogeleana.

Kama macho bado yana giza, mtu wa tatu ashike shuka jeupe chini ya kifua cha anayepigwa picha. Mwanga utapanda kutoka chini.

Jioni katika bustani ya Forodhani jua huchwa upande wa bahari. Usiondoke lichwapo. Kwa dakika 20 hivi mbingu hubaki na mwanga laini, nao humpendeza kila mtu anayeielekea bahari.

Mwisho, tazama macho. Ukiona nyota ndogo ya mwanga ndani ya kila jicho, mwanga wako ni mwema. Usipoiona, mgeuze mtu polepole mpaka itokee.

ADABU YA MPIGA PICHA

Mji ni wa watu, nao uso ni wa mwenyewe. Usimwibie mtu picha yake. Mwendee, umsalimu kama ulivyofunzwa:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ruhusa yako, nikupige picha hapa barazani. Mwanga umekaa vizuri."

Akikataa, mshukuru na uende zako. Kwa mtoto, ruhusa huombwa kwa mzazi. Akikubali, usimwamrishe kama askari. Mwache akae anavyokaa, zungumza naye, na umwonyeshe picha. Kisha itoe katika karatasi umpelekee, na nyuma yake uandike jina, mahali na mwaka. Simu hupotea na picha zake hupotea nayo. Karatasi iliyoandikwa, ikihifadhiwa mbali na unyevu, hukaa miaka mingi.

KAZI YA WIKI HII

Nyosha ngumi yako mbele yako, barazani kwako, saa 6 mchana. Jizungushe polepole, uangalie jinsi mwanga unavyobadilika juu yake. Fanya hivyo tena saa 11 jioni. Kisha mpige mtu mmoja wa nyumbani picha mbili: moja juani mbele ya ukuta mweupe, na moja kivulini akiutazama ukuta unaong'aa. Ziweke pamoja, uwaulize wa nyumbani ni ipi inayomfanana.

MASWALI

1. Kivuli kilicho wazi ni nini? Taja mahali patatu katika mtaa wako penye kivuli cha namna hiyo.
2. Kwa nini uso hutoka giza mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe?
3. Mwezi wa Januari, saa 6 mchana, kivuli cha nyumba ya Unguja kiko upande gani? Na mwezi wa Julai?
4. Mtu amevaa baibui na uso wake umetoka kama majivu. Utarekebishaje?

Wiki ijayo tutazungumza habari ya kupiga picha ya watu wengi pamoja, kama vile arusini. Kwaherini, wasikilizaji.