MNANA, FUNDI WA KUFUMA

Kila mwaka mvua zinapoanza, watu wengi wenye minazi huko Pwani, na wenye mashamba kando ya ziwa Victoria, hushika fito ndefu wakaangusha viota vya minana. Malalamiko yao si ya bure. Ndege hao huchana makuti hata mnazi ukabaki njiti tupu, nao hula mtama shambani. Lakini yafaa mwenye shamba amfahamu vema ndege huyu kabla ya kuinua ufito, maana kazi hiyo mara nyingi humzidishia hasara.

Minana ni wa aina nyingi. Anayeelezwa hapa ni yule wa kichwa cheusi, apendaye kukaa karibu na watu. Urefu wake ni kadiri ya inchi 6 na nusu, na mdomo wake ni mnene, wa kupasulia mbegu. Wakati wa kuzaa, dume huvaa rangi ya manjano, mgongo na mbawa zikiwa na mabaka meusi, kichwa chake ni cheusi, na jicho lake ni jekundu. Wale wa magharibi ya Kenya wana rangi ya kutu kisogoni. Jike hana mapambo hayo. Rangi yake ni manjano hafifu iliyochanganyika na kijani na kijivu. Msimu ukiisha, dume naye huvua fahari yake akafanana na jike, hata watu hudhani kwamba wale wa manjano wamehama.

Hupenda mti ulio peke yake, karibu na nyumba au ulioinamia maji, na mti mmoja huweza kubeba viota zaidi ya mia. Kelele zake zajulikana na kila aliyepata kulala karibu nao.

Dume ndiye afumaye. Hutia alama ya mdomo ukingoni mwa jani la mnazi au la nyasi ndefu, akauma hapo, kisha huruka nalo. Hapo hutoka ukanda mwembamba kama wa msuka mikeka. Ila msuka mikeka huukausha ukindu wake kwanza, na mnana hutaka jani bichi tu, kwa kuwa likikauka halipindiki tena. Huanza kwa kufunga pete kati ya vijiti viwili. Ndani ya pete hiyo husimama, wala habadili mahali pa kusimama mpaka kazi iishe. Hufuma chumba mbele yake kadiri mdomo unavyofika, kisha hujipinda nyuma akafuma ukumbi, na mlango hutazama chini. Kwa hiyo kipimo cha nyumba ni mwili wake mwenyewe. Madume wachanga hawaijui kazi hii vizuri. Viota vyao vya kwanza hulegea na kuchakaa upesi, hata wazoee.

Kiota kikiwa tayari, dume hujitundika mlangoni, kichwa chini, akipigapiga mbawa na kuita. Jike huingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo kama mnunuzi ajaribuye kikapu sokoni. Akiridhika, huleta majani laini na manyoya ya kutandika. Wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, walioandika juu ya viota vya jamii hii mwaka 1964, walieleza kwamba majike huchagua viota vya kijani kibichi. Kiota kilichokataliwa hata kikakauka, dume hukifumua mwenyewe akaanza kingine pale pale.

Hapo ndipo penye kosa la ufito. Mtu aangushaye kiota kitupu humfanyia dume kazi ambayo angeifanya mwenyewe. Naye hurudi mnazini kuchana makuti mengine.

Jike hutaga mayai 2 au 3, na huyaatamia peke yake kwa muda wa siku 12 hivi. Jambo la ajabu ni kwamba kila jike ana rangi yake: huyu hutaga meupe, yule ya samawati, mwingine ya kijani yenye madoadoa, wala rangi hiyo haibadiliki maisha yake yote. Yuko ndege mmoja wa jamii ya kekeo, mgongo wake wang'aa kama shaba iliyoota kutu ya kijani, ambaye huiba nafasi na kutaga katika viota vya minana. Jike aonapo yai lisilo la rangi yake, hulitupa nje.

Makinda hulishwa zaidi wadudu, kama viwavi na panzi, ambao ni adui za mkulima. Hayo hayamwondolei mnana hatia ya mtama, nao hauna budi kulindwa tangu punje ziingiapo maziwa hata zikomae.

Lakini asichanganywe na kwelea. Kwelea ni mdogo zaidi, dume lake lina mdomo mwekundu, huzaa katika miiba ya nchi kavu, na huruka kwa makundi makubwa yaonekanayo kwa mbali kama moshi. Huyo huweza kumaliza shamba zima la mtama, mpunga au ngano kwa siku chache. Makundi yake hunyunyiziwa dawa na watu wa Serikali waliofundishwa, maana dawa hiyo huua hata mwewe na bundi wanaokula mizoga. Mkulima akiyaona, na apeleke habari upesi kwa afisa wa kilimo, akitaja mahali yanapolala usiku.