Sanduku la Babu Lina Nini Ndani?

Hebu tuulizane. Karti ya ubatizo ya mama yako iko wapi? Na karti ya kazi ya babu yako aliyefanya kazi Kilo-Moto? Ukijibu, "Iko ndani ya sanduku, chini ya kitanda," basi wewe ni tajiri. Lakini ni tajiri anayelala na mchwa.

Mimi mwenyewe nimepata aibu hiyo. Siku moja mama mjane alikuja ofisini kutafuta tarehe ya ndoa yake. Nikafungua kabati ya kanisa, nikatoa rejista ya zamani. Kwa nje ilikuwa nzuri kabisa. Ndani ilikuwa udongo mtupu, mchwa walikuwa wamekula kurasa nusu. Ufunguo wa kabati ile nilikuwa nao miaka sita, na sikuwahi kuitazama rejista hata mara moja. Nilimrudisha yule mama mikono mitupu.

Sisi watu wa Ituri tumepoteza mengi namna hii. Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903. Kampuni ya Kilo-Moto iliundwa 1926, na mwaka 1966 ikawa OKIMO. Wababa walitoka pande nyingi kuja kwenye machimbo. Mabwana wa kampuni waliandika habari zao kwa faida yao. Lakini namna wafanyakazi walivyoishi, walivyooa, walivyoimba, hiyo imo ndani ya picha, barua na kaye zilizobaki kwenye nyumba zetu. Halafu vita vya 1999 mpaka 2003 vikaja. Nyankunde ilishambuliwa tarehe 5 Septemba 2002, Bunia ikawaka Mei 2003. Mwisho wa 2017 moto ukarudi Djugu. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Nani atakumbuka karatasi? Na kwa mtoto aliyekimbia, karti ya ubatizo haichukui nafasi ya cheti cha serikali, lakini mara nyingine ndiyo karatasi pekee inayotaja siku aliyozaliwa na majina ya wazazi wake.

Sasa tazameni majirani wetu wa Uganda. Mzee mmoja aitwaye Kaddu Wasswa alitunza picha, barua na karatasi zake za maisha yote. Mjukuu wake, Arthur Kisitu, pamoja na mpiga picha kutoka Uholanzi, Andrea Stultiens, wakazipiga picha moja moja, na mwaka 2010 zikatoka kuwa kitabu. Mwaka 2011 Stultiens na kijana mwingine wa Uganda, Canon Griffin, walianzisha kikundi kidogo, History in Progress Uganda. Wanaomba jamaa mbalimbali picha za zamani, wanazinakili kwa mashine, kisha wanazionyesha kwenye intaneti. Watu wanatazama na kusema, "Huyu ni shangazi yangu!" Ndiyo namna picha isiyo na jina inavyopata jina.

Karibu zaidi nasi, huko Fort Portal, karatasi za serikali ya wilaya ya Kabarole zilikuwa zinaoza. Zikahamishiwa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, zikasafishwa na kunakiliwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kumbukeni, ni kutoka upande huo wa Toro kwamba Apolo Kivebulaya alivuka Semliki kuja Mboga mwaka 1896. Daftari zake, alizoandika kwa Kiganda, zinatunzwa Makerere. Kama zingeliwa na mchwa, tungejua nini juu yake leo?

Utasema, "Pasta, sisi hatuna mashine." Vijana, simu mnayo! Kwetu tulianza Jumamosi moja: vijana wanne, simu mbili, meza karibu na dirisha. Mwanga wa dirisha unatosha, lakini jua lisipige karatasi moja kwa moja, na flashi ya simu izimwe. Shika simu juu sawasawa, si kwa upande. Usibandike karatasi iliyopasuka kwa skochi, gundi yake itaiharibu. Picha ya watu ikigeuzwa, piga na nyuma yake, kwa maana majina huandikwa huko. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, si kama picha, la sivyo maandishi yatafifia. Tena kila kitu kiwe na nakala mbili, nyumba mbili mbalimbali. Yeremia alifanya hivyo wakati jeshi lilizunguka mji wake: hati ya shamba ilikuwa na nakala mbili, zikawekwa ndani ya chungu cha udongo ili zidumu (Yeremia 32).

Lakini hapa nawaomba wazazi wasikie vizuri. Katika sanduku la mzee mmoja tulikuta barua ya zamani juu ya mpaka wa shamba. Kijana akataka kuiweka palepale kwenye kikundi cha WhatsApp. Nikamshika mkono. Wote tunajua vita vya 1999 vilianzia Djugu juu ya ugomvi wa mashamba. Barua ile tuliipiga picha, tukamrudishia mzee, na nakala ikafungiwa. Kijana alikasirika, akasema ninaficha ukweli. Labda, hata sasa hatujapatana sana. Lakini kutunza ni jambo moja, kutangaza ni jingine, na mwenye karatasi aulizwe kwanza. Hata karti za ubatizo, zina majina ya watoto wa watu.

Na yule mama mjane? Mwezi wa pili wa kazi, kijana mmoja alileta kaye ya babu yake, aliyekuwa mweka hazina wa kanisa. Mzee aliandika kila sadaka. Kwenye ukurasa mmoja tukasoma jina la mama na la mumewe, siku ya arusi yao, Jumamosi tarehe 17 Agosti 1985: kuku wawili na zaire mia moja. Mama aliomba tumsomee mara tatu. Kisha akasema kuku walikuwa watatu.